Nakala ya CD ya Crispin

Mlandege, Iringa
Jumatatu, 5 Agosti 2024

Shemeji Silvester,

Kamwene. Watoto hawajambo, ila mdogo anakohoa kwa baridi hii.

Utashangaa kupata barua wakati namba yangu unayo. Simu nimeiacha makusudi. Tangu tumzike mume wangu Crispin mwezi wa tatu, nimeambiwa mengi kwa simu, na kila niliyemrudia baadaye ameniambia hakusema hivyo, mtandao ulikuwa mbaya. Karatasi haina mtandao mbaya. Hii naipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi pale stendi ya Igumbilo, na nitakaa mpaka nione inaingia kwenye basi.

Baba Mdogo Vitus ameitisha kikao cha ukoo Igowole, Jumamosi ya tarehe 14 Septemba. Ajenda ni moja tu, shamba la misonobari. Anasema baba mkwe alikufa bila kuacha maandishi, kwa hiyo shamba ni la ukoo, na mjane akalee watoto wake mjini. Ekari sita, shemeji. Ile miti niliipanda nikiwa na Juliana mgongoni. Kila mwezi wa sita nimekwenda kulima njia za kuzuia moto mpaka mikono ikashindwa kushika sindano, na sindano ndiyo kazi yangu. Nikilipoteza shamba hilo, sina kingine cha kuwaachia wanangu.

Crispin aliniambia baba alimkabidhi shamba mwezi wa nane mwaka 2012, mbele ya mama, nyumbani Igowole, na yeye akarekodi yote kwa kamera ya studio yake ya picha. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimejifungua. Video ilikuwa kwenye kompyuta yake, ile niliyopewa siku ya kugawana vitu vya marehemu. Mwezi uliopita umeme ulikatika na kurudi mara tatu asubuhi moja, na kompyuta haijawaka tena. Fundi Shedrack anasema kilichokufa ni diski ya ndani. Vitu vyote Crispin alivihifadhi kwenye diski ya nje, ile nyeusi, nayo ninayo, lakini kwa programu ya zamani ambayo haipatikani tena, na programu mpya haziwezi kuisoma. Kuna CD ya programu hiyohiyo. Unaiweka kwenye mashine iliyokufa, mashine inaamka kutoka kwenye CD, kisha inarudisha kila kitu.

CD hiyo unayo wewe. Wazee walikupa mkoba wa CD kwa sababu unaimba kwaya, na hakuna aliyejua kwamba kati ya CD za kwaya kulikuwa na hiyo. Mimi wakanipa kompyuta. Wakagawa kufuli huku na ufunguo kule, mkapiga makofi.

Ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu: YA KUOKOLEA. Naomba uitume, na naomba ifike. Koti lake la ngozi nalo lilikuwa lifike, mpaka leo sijaliona.

Shemeji yako,
Eveline


Soweto, Mbeya
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Shemeji Eveline,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliisoma mbele ya Esnath, akaniuliza kama tumeshtakiwa. Nimeendesha steshenari miaka kumi na minne na nimechapia watu barua za madai zisizo na idadi. Barua ya madai naijua hata ikianza na kamwene.

Koti la ngozi sijui lilipo. Ningelijua ningelivaa mchana kweupe, kwa baridi hii ya Mbeya.

CD nimeitafuta nikaipata, na imo ndani ya bahasha hii, katikati ya maboksi mawili ili isivunjike. Ni nzima. Nimempa kondakta mkononi.

Sasa na mimi niulize. Hiyo video nani ataitazama? Wewe peke yako, au ukoo mzima? Nauliza kwa sababu sikuwahi kuiona. Crispin aliitaja mbele yangu mara moja, tulipokuwa msibani kwa mama. Nikamuuliza baba alisema nini, akaanza kuusifu mchele wa Usangu. Nikaelewa kwamba ananihurumia, nikaacha. Unajua tulivyoachana mimi na baba nilipomwoa Esnath. Alisema aliyeoa Unyakyusa akalime Unyakyusa. Sasa ukinialika Igowole nikae kwenye benchi nimsikilize marehemu akinikana mbele ya binamu zangu, niambie mapema nijue nivae nini.

Wasalimu watoto.

Silvester Kalinga


Mlandege, Iringa
Jumanne, 13 Agosti 2024

Shemeji,

CD imefika. Haifanyi kazi.

Shedrack ameiweka mbele yangu. Kwanza mashine ikakoroma kidogo, taa ya kijani ikawaka, kisha kioo kikabaki cheusi na maneno mawili matatu ya Kiingereza, kwamba weka diski inayoweza kuamsha mashine. Akaitoa, akairudisha. Maneno yaleyale. Akaiweka kwenye kompyuta yake nyingine ambayo ni nzima, nayo ikaipita kana kwamba hakuna kitu, ikawaka kwa mfumo wake wenyewe.

Uliandika kwamba ni nzima. Ulijuaje? Uliijaribu, au ulisema tu?

Hilo la baba kukukana, mimi sijui alichokisema. Ninachojua ni alichokisema Crispin, kwamba shamba ni letu. Sikualiki usimangwe. Lakini nimeona kwamba hutaki video hii ionekane, na umeniambia mwenyewe kwa mwandiko wako, na siku chache baadaye CD inagoma. Mwenye macho haambiwi tazama.

Zimebaki wiki nne na siku nne.

Eveline


Soweto, Mbeya
Ijumaa, 16 Agosti 2024

Shemeji Eveline,

Sikusema tu. Niliiweka kwenye kompyuta ya hapa dukani, ikafunguka, mafolda yote yakaonekana, nikayahesabu, kumi na moja. CD iliyokufa haifunguki.

Nimemuuliza kijana wa jirani anayetengeneza simu na kompyuta, jina lake Asukile, akanipa mambo matatu ya kujaribu. Mwambie fundi wako. La kwanza, mashine ikianza tu kuwaka abonyeze F12 mfululizo mpaka itokee orodha, achague kuanza na CD. Kama haitokei, aingie kwenye mipangilio ya mashine abadilishe utaratibu, CD iwe ya kwanza na diski iwe ya pili. La pili, aifute CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, asizungushe. La tatu, ajaribu kisomeo kingine cha CD, maana vya zamani huchoka jicho.

Na huyo Shedrack ni nani? Nani alikuonyesha kwake? Iringa ni mji mdogo na Baba Mdogo Vitus ana watu kila kijiwe. Fundi anaweza kulipwa ili ashindwe, hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Jingine, na usikasirike. Unasema hiyo video ndiyo hati yenu. Mbona Crispin hakukuonyesha kwa miaka kumi na miwili? Mtu aliyekuwa anatuonyesha hadi picha za harusi za watu asiowajua.

Silvester


Mlandege, Iringa
Jumatano, 21 Agosti 2024

Silvester,

Hakunionyesha kwa sababu mke haombi mumewe ushahidi. Nenda kamuulize Esnath kama amewahi kukudai hati ya jambo ulilomwambia. Na usiniletee marehemu kwenye kesi yako.

F12 imebonyezwa, orodha ikatokea, CD ikachaguliwa, kioo kikarudi cheusi. Utaratibu umebadilishwa. CD imefutwa kwa kitambaa cha miwani, kutoka katikati kwenda nje, hakuzungusha. Kisomeo kipya kimefungwa. Kila kitu ulichoagiza kimefanywa nikiwa nimekaa pale na cherehani yangu imelala siku nzima. Maneno ni yaleyale.

Sasa nisikilize mimi. Jana niliichukua ile CD nikaenda nayo dirishani. Crispin alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zote zinalala nyuma, hata orodha ya sokoni. Hizi zimesimama wima kama askari. Wino ni mwekundu, maneno ni yaleyale, lakini mkono huu si wake. Nimelala na mkono wake miaka kumi na sita.

Umenitumia nini, Silvester?

Na Jumapili tarehe 18 ulikuwa wapi? Usinijibu Mbeya, kanisani. Yusta anauza mbao Mafinga karibu na stendi, na amekuona kwa macho yake ukinywa chai na Baba Mdogo Vitus, mmeinamiana kama watu wanaogawana kuku. Mtu anayenitumia CD ya uongo tarehe tisa na tarehe kumi na nane yuko mezani na anayetaka shamba langu, mimi nimwite nani? Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu.

Hii barua nitaisoma kwenye kikao, pamoja na zako zote.

Eveline


Soweto, Mbeya
Jumapili, 25 Agosti 2024

Mama Juliana,

Isome. Soma na hii.

Mwandiko ni wangu. CD niliyokutumia ni nakala. Nitakuambia kwa nini, kisha utajua mwenyewe uniite nani.

Siku ya kugawana vitu, wewe ulikuwa umelazwa chumbani, akina mama wanakupepea. Baba Mdogo alisema mbele ya wote kwamba kitu cha marehemu kisitoke mkononi mwa aliyepewa kabla ya mwaka kuisha, na atakayekitoa anamfukuza marehemu mara ya pili. Wote tukaitikia. Barua yako ilipofika, mwaka haujaisha. Nikafikiri, kazi yangu ni nini? Watu wananiletea vyeti vya kuzaliwa, natoa nakala, wanabaki na cheti chao na nakala inafanya kazi ofisi zote mpaka wizarani. Nikachukua CD tupu, nikabeba vitu vyote vya CD ya Crispin nikavihamishia humo, kumi na moja vikaingia kumi na moja. Nikaandika juu yake kama alivyoandika yeye, usije ukajua na kusononeka. Hilo la kuandika ndilo kosa langu, na nimelijutia tangu barua yako iliponifikia juzi. Lakini CD nilidhani ni ileile.

Ulipoandika kwamba haiamshi mashine, nilipanda basi la alfajiri nikaenda Mafinga kumwomba Baba Mdogo ruhusa ya kuitoa ya asili. Ndiyo hiyo chai. Alikataa. Akaniambia niache video ife, ni heri kwangu, kwa sababu nikisikia alichokisema baba sitalala. Nilimwuliza yeye amejuaje na hakuwepo. Akaita chai nyingine.

Niliporudi nilikaa na hiyo CD siku nne. Nakuambia ukweli, Eveline, mimi naiogopa hiyo video. Baba alikaa miaka mitatu baada ya siku hiyo na hakuniita hata mara moja. Nilipokuja kumzika, nilisimama nyuma na majirani. Kwa hiyo ndiyo, sitaki kuisikia. Lakini kutotaka kusikia na kukuibia ni vitu viwili.

CD ya Crispin yenyewe imo humu. Angalia mwandiko wake, unalala nyuma. Baba Mdogo akisema nimemfukuza marehemu, nitamjibu kwamba marehemu amerudi nyumbani kwake.

Silvester


SHEDRACK KOMPYUTA
Miomboni, Iringa
Jumamosi, 31 Agosti 2024

Mama Juliana,

Naandika maelezo ya kazi kama ninavyomwandikia kila mteja, ili baadaye pasiwe na maneno.

CD ya pili uliileta Alhamisi. Iliamsha mashine mara ya kwanza tu ilipowekwa. Ilisoma diski ya nje, ikarudisha kila kitu kwenye diski mpya ya ndani kwa muda wa saa tano, bila kosa hata moja. Mashine sasa inawaka kama ilivyokuwa. Video uliyokuwa unaitafuta ipo, dakika arobaini na moja, sauti safi. Nimekuwekea pia kwenye flashi.

Uliuliza kwa nini ile ya kwanza iligoma. Haikuwa imeharibika, na aliyeitengeneza hakuharibu kitu kwa makusudi. CD ya kuamsha mashine ina sehemu ya mwanzo ambayo huioni ukiifungua kama folda. Ukihamisha mafolda peke yake unakuwa umehama na vyombo vyote ukaacha mlango. Lazima inakiliwe nzima kwa programu yake. Watu wengi wa steshenari hukosea hapo, ni kosa la kawaida.

Video uliitazama jana kwenye kiti changu, nami nilitoka nje kama ulivyoomba. Uliitazama mara mbili. Mimi sikuuliza.

Leo asubuhi umerudi na kuomba nikuandikie karatasi nyingine, yenye muhuri wa duka, isemayo kwamba CD zote mbili zimeshindwa na vitu havikupatikana. Hiyo sitaandika, mama. Sitamwambia mtu yeyote kilichomo wala kwamba kimepatikana, mashine ni yako na siri ni yako. Lakini muhuri ni wangu.

Shedrack


Mlandege, Iringa
Jumanne, 3 Septemba 2024

Shemeji Silvester,

Kamwene. Natumaini wewe na shemeji Esnath na watoto wote hamjambo. Sisi hatujambo kabisa, namshukuru Mungu. Kikohozi cha mdogo kimekwisha.

Kwanza nakuomba radhi kwa maneno yangu ya barua iliyopita. Nilikuwa na hofu ya kikao. Ulifanya ubinadamu kuitoa CD ya asili, na nakushukuru sana.

Kwa bahati mbaya nayo imegoma. Fundi amejaribu kila njia. Anasema imekaa muda mrefu mno, CD za miaka ile huoza ndani hata kama kwa nje zinang'aa. Diski ya nje nayo haisomeki. Nilitaka nikutumie maelezo yake kwa maandishi ila amesafiri. Kwa hiyo video haipo tena na haitapatikana, tuiache ipumzike. Usijisumbue kutafuta fundi mwingine huko Mbeya.

CD yako nimeirudisha ndani ya bahasha hii, ukae nayo mpaka mwaka uishe kama mlivyoelekezwa.

Kwenye kikao nitasema alichoniambia Crispin, na Mungu atasaidia. Kama una shughuli nyingi dukani si lazima ufunge safari.

Wako katika Kristo,
Eveline


Soweto, Mbeya
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mama Juliana,

Nimesoma barua yako mara tatu. Haifanani na wewe. Hukunituhumu popote, hata koti hukulitaja. Nikamwambia Esnath, huyu dada amekata tamaa, na sisi ndio tumemkatisha. Kama ningetuma CD ya kweli tangu siku ya kwanza, pengine isingepigwa na joto la injini mara tatu, kwenda na kurudi Mafinga kisha kuja kwako, ingeamka.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Baba Mdogo anategemea kwamba hakuna wa kusimama na wewe. Lakini mimi ndiye mkubwa wa nyumba ya baba, na mkubwa akitamka mbele ya ukoo kwamba shamba alipewa mdogo wake, Baba Mdogo hana pa kupitia. Nimechapa tamko, nimelipeleka kwa wakili hapa Mbeya, likagongwa muhuri. La asili ndilo hili, nakala nimebaki nayo mimi. Nimejifunza.

Kuna sentensi ya tatu, ile isemayo "marehemu baba yangu hakunipa mimi sehemu yoyote ya shamba hilo wala ya mali yake nyingine." Hiyo ilinishinda kuichapa. Nilifika kwenye "hakunipa" nikaenda kumhudumia mteja ambaye hakuwepo. Esnath akaimalizia.

Najua sikuwepo siku ile, na anayetamka asichokiona anabeba mzigo. Lakini Crispin alikuambia, na wewe huna uongo. Una ulimi mkali, ila uongo huna. Hilo linanitosha.

Na nikuambie la mwisho, usinicheke. Uliponiandikia kwamba video imekufa, nilishusha pumzi. Nilikuwa naogopa kumsikiliza baba mwanzo hadi mwisho akiongea asinitaje. Sasa naweza kuja Igowole bila woga. Nitafika Ijumaa jioni, nitalala kwa jirani yetu wa zamani, mama Isakwisa.

Shemeji yako,
Silvester


Mlandege, Iringa
Jumanne, 10 Septemba 2024

Shemeji Silvester,

Tamko lako nimelirudisha. Limo humu, nimelichana mara mbili ili lisitumike. Usiapie lingine. Ile nakala ichome jikoni, Esnath ashuhudie.

Nilikudanganya. CD ya Crispin iliamsha mashine mara ya kwanza. Video ipo, nimeitazama yote, na iko kwenye flashi niliyoifunga kwenye kitambaa cheupe, humu ndani ya bahasha. Fundi hajasafiri popote. Yeye alikataa kunisaidia kudanganya, nikaona nitaweza mwenyewe.

Dakika ya thelathini na tatu baba anagawa shamba. Anasema kwa kituo, anarudia mara mbili ili kamera isikie. Upande wa juu, kuanzia barabarani mpaka kwenye mkondo wa maji, ni wa Silvester mwanangu mkubwa. Bondeni ni kwa Crispin. Anasema alikukasirikia bila sababu, na mkwe hana kosa la kuzaliwa Tukuyu. Anasema, Crispin, wewe ndiye utakayekwenda Mbeya kumwambia kaka yako, mimi miguu haifiki. Na mume wangu, Silvester, sauti yake inasikika nyuma ya kamera. Anasema, nimesikia baba.

Basi. Nadhani baba alikaa ile miaka mitatu akikusubiri wewe uje umshukuru, na wewe ulikaa ukisubiri akuite. Katikati yenu alikuwepo mtu mmoja aliyesikia yote, akarudi kwangu na kuniambia shamba lote ni letu. Nilimpikia, nikampalilia miti, nikamzalia, nikamlilia. Nina hasira naye na sina pa kuipeleka. Juzi niliipeleka kwako, nikataka kukunyang'anya kile alichokunyang'anya yeye. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Ulipoandika kwamba mimi sina uongo, nilishindwa kula.

Baba Mdogo Vitus naye alijua, usidanganyike. Mama mkwe lazima alimwambia kabla hajafa, ndiyo maana alikuambia hutalala. Alitaka usije, na mimi nije mikono mitupu, atumalize mmoja mmoja.

Jumamosi tutaiwasha video mbele ya wote. Kompyuta nakuja nayo. Baada ya hapo upande wa juu ni wako, mimi nibaki na bonde, na miti iliyo upande wako, niliyoipanda kwa mikono hii, tutaizungumza mimi na wewe, na sitakuwa mpole.

Lakini flashi hii itazame kwako kwanza, kabla ya kuwa mbele ya binamu zako. Funga duka, kaa na Esnath. Usiruke kwenda dakika ya thelathini na tatu kama nilivyofanya mimi mara ya pili. Anza mwanzo. Baba anatolewa nje na mama, anakalishwa kwenye kiti, anapangusa mdomo. Anauliza, Silvester amefika? Crispin anamjibu, bado. Baba anasema, basi tumsubiri kidogo. Wanakaa kimya dakika sita nzima, kamera inaendelea, na baba anatazama njia.

Eveline